Ghala la kahawa lenye matundu ya risasi za vita ya Kagera, tulibomoe tujenge fremu au liachwe?

Mwijukuru_78

Wakuu habari za muda huu. Naomba niwasumbue na jambo la kijijini kwetu maana ndugu tumeshaanza kununiana na mkutano umebaki wiki tatu.

Kwetu ni Missenyi, ukishavuka daraja la Kyaka unaelekea Mutukula, kijiji sikitaji kwa sababu humu watu wanajuana. Pembeni ya barabara ya vumbi kuna ghala la zamani la kahawa, tofali za kuchoma, bati limebaki nusu, mlango wa chuma. Ule mlango una matundu ya risasi. Tukiwa wadogo tulikuwa tunayahesabu, tukifika arobaini na kitu mmoja anabisha tunaanza upya, na mwenye kidole chembamba anaambiwa apenyeze aone kama kitatokea upande wa pili. Ukiingia saa kumi jioni jua linapita kwenye yale matundu linamwaga vidoti sakafuni, vinasogea taratibu mpaka vinapanda ukutani. Na ukutani huko kuna hesabu za magunia ya maganda (kahawa iliyokaushwa bila kukobolewa) kwa mkaa, vijiti vinne cha tano kinavikata, mistari na mistari, halafu mstari wa mwisho una vijiti viwili basi. Wazee wanasema ndo siku walipoingia askari wa Amin, mwisho wa Oktoba 1978, karani aliacha hapo hapo akakimbia.

Waliojificha ndani hawakukimbia. Mmoja alikuwa mdogo wake bibi yangu. Bibi mpaka leo akipita hapo anahamia upande wa pili wa barabara, hasemi kitu, anahama tu.

Sasa serikali ya kijiji inataka ghala libomolewe zijengwe fremu nane za maduka, vijana wengi wanaunga mkono na kusema kweli siwalaumu, kijiji hakina chanzo cha mapato. Mimi niko Mwanza, nilipiga simu nikasema liachwe liwe kumbukumbu ya vita, nikajibiwa "wewe unayekaa kwenye umeme ndo unapenda magofu". Naomba kujua, kuna sheria yoyote inalilinda? Tumwandikie nani? Na hivi lile ghala ni mali ya nani hasa, ya kijiji au ya ushirika? Aliyewahi kupitia kitu kama hiki kokote anipe mwanga.

Mzee wa Fremu

Mkuu pole ila mimi nitakuwa wa kwanza kukuambia ukweli, aliyekujibu hivyo hajakosea. Kumbukumbu hailipi ada ya mtoto. Hapo barabarani fremu nane ni hela ya kijiji kila mwezi, dawati, choo cha shule, mnalipa mlinzi na inabaki. Gofu litawapa nini, popo? Kama mnataka kukumbuka si mjenge kajinara kadogo na kibao mbele ya hizo fremu, mambo yanaisha.

Halafu miaka yote hiyo mlikuwa wapi, bati limebaki nusu, hakuna aliyepeleka hata msumari. Limeanza kuwa la thamani leo kwa sababu kuna mtu kataka kulitumia.

Karani Mstaafu

Huyo jamaa hapo juu anauma lakini swali lake la mwisho mlijibu kwenye mkutano, maana litaulizwa.

Nije kwenye sheria kidogo, nilifanya kazi halmashauri miaka mingi ingawa si wilaya hiyo. Sheria ya Mambo ya Kale ni ya 1964 ikarekebishwa 1979. Jengo linalohesabika mnara wa kihistoria moja kwa moja ni lile la kabla ya 1863, sasa la kwenu halijafika umri huo. Kwa hiyo msisimame mkutanoni kusema linalindwa na sheria, mtaaibika, hakuna kinacholilinda sasa hivi. Ila waziri anayo mamlaka ya kutangaza jengo au eneo lolote lenye maana ya kihistoria kwenye Gazeti la Serikali, hata kama ni la juzi. Idara ya Mambo ya Kale iko wizara ya Maliasili na Utalii. Barua ianzie kijijini, muhtasari wa mkutano mkuu ukiwa umeambatanishwa, ipite kwa mtendaji wa kata, iende kwa mkurugenzi wa halmashauri na nakala kwa afisa utamaduni wa wilaya. Barua ya mtu mmoja kutoka Mwanza inaishia kwenye faili, yenye muhtasari na saini za wanakijiji ndo inatembea. Na wakati mnasubiri huko juu, halmashauri yenyewe inaweza kutunga sheria ndogo, hiyo njia watu wanaisahau.

Umiliki ndo pagumu na hapo ndo ungeanzia. Vyama vya ushirika vilivunjwa 1976, mali zikachukuliwa na vijiji na mamlaka za mazao, halafu miaka ya themanini ushirika ukarudishwa, na maghala mengi yalirudi bila karatasi ya kueleweka. Kwa hiyo mwaka ule wa vita inawezekana kabisa ghala lilikuwa la kijiji lakini leo chama cha msingi kikasema ni lao. Kaulize, kwa sababu kama ni la chama basi serikali ya kijiji haiwezi kulibomoa kwa kikao chake hata ikitaka, mali ya ushirika ina taratibu zake kwa Mrajis wa vyama vya ushirika. Na kama ardhi ni ya kijiji, sheria namba 5 ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji inasimamia kwa niaba ya wanakijiji, si mwenyekiti na watu wake wanne kwenye benchi la duka. Idai kwenye mkutano mkuu.

Senene wa Novemba

Mwijukuru waitu, umenikumbusha mbali. Mimi ni wa huko huko upande wa Kyaka.

Mfano hauna haja ya kwenda mbali, lile gofu la kanisa Katoliki la Kyaka unalijua. Lilibomolewa vita ile ile, likaachwa vile vile na kuta zake, na leo mgeni yeyote anayepita kwenda Mutukula ataulizia tu pale palikuwa na nini. Hakuna aliyelipamba. Nenda Kaboya kule Muleba, makaburi ya askari wetu yamepangwa safu kwa safu, pasafi, viongozi wanakuja na mashada ya maua. Sawa kabisa, walistahili. Ila mimi huwa najiuliza na wale waliokufa na jembe mkononi, au kama huyo mdogo wake bibi yako aliyefia nyuma ya mlango wa ghala, wao shada lao linawekwa wapi? Kwetu kuna watu walizikwa haraka haraka migombani na mgomba wenyewe ulishakatwa.

Halafu kuna kitu watoto wa sasa hawajui, wanadhani vita ilikuwa Kampala tu, Aprili 11 1979 Kampala ikaanguka tukashangilia. Mwanzo wake ulikuwa kwetu. Eneo lote la kaskazini ya mto, kama kilomita za mraba 1,800 hivi, Amin alitangaza kuwa ni la kwake, na Novemba 3 wakalipua daraja la Kyaka ili jeshi letu lisivuke. Fikiria uko upande ule na daraja halipo. Watu walivuka Kagera kwa mitumbwi usiku, wengine kwa kushika vigogo, mama yangu alivuka na mimba ya kaka yangu.

Mzee wa Fremu sikukasirikii, ila kajinara na kibao vipo kila mahali na hakuna anayesimama kuvisoma. Ule mlango mtu anasimama mwenyewe.

Mzee wa Fremu

Hapo kwa mlango nakubali kidogo. Mlango unaweza kung'olewa ukawekwa shuleni.

Senene wa Novemba

Ukishaung'oa ni chuma chakavu, mkuu. Wiki mbili tu unaukuta kwenye mzani wa wanunuzi wa vyuma.

Mwana wa Bura

Habarini majirani, mimi niko Kenya, Taita Taveta, nimeona hii mada nikasema lazima nichangie kwa sababu sisi hii kitu tumeishi nayo zaidi ya miaka mia na bado hatujaipatia.

Huku kwetu ni ile vita ya kwanza ya dunia. Agosti 1914 Wajerumani walivuka kutoka upande wa Moshi wakashika Taveta, Waingereza nao wakajichimbia Maktau na Mashoti, wakatandika reli kutoka Voi kusogeza jeshi karibu. Februari 12 1916 wakajaribu kupanda kilima cha Salaita wakapigwa vibaya, mwezi uliofuata ndo wakapenya pale Latema na Reata. Sasa ile ngome ya Mashoti bado iko, kuta za mawe yamepangwa tu kichakani, ukipita na bodaboda bila kuambiwa utadhani ni zizi la mtu. Wageni wanaletwa na hoteli, wanapiga picha, wanaonyesha mahali bunduki ilikaa, wanaenda. Mimi nimezaliwa karibu hapo na hizi story nimezijua kutoka kwa Mzungu mwenye ramani, shule hakuna aliyenifundisha.

Lakini kitu nataka kukuambia ni hiki. Makaburi ya jeshi ya Voi na Taveta, na yale ya Wahindi pale Maktau, yanatunzwa, nyasi zimekatwa, jiwe lina jina. Wapagazi je? Wale Carrier Corps, ambao hapo Dar ndo mliwapa jina la Kariakoo na Nairobi tukasema Kariokor, walibeba vita nzima kwa vichwa vyao, wakafa kwa njaa na kuhara kuliko risasi, na majina yao hayako kwa jiwe. Tume yenyewe ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikubali 2021, watu si chini ya 116,000 na pengine mpaka 350,000 hawakuandikwa majina ama hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Kisingizio cha wakati ule ni eti hawa hawana desturi ya makaburi.

Kwa hivyo kaka, ama dada sijui, usianze na ukuta. Ukuta unaweza kungoja mwaka. Anza na majina. Hao waliouawa kwa ghala wako na ndugu ambao bado wanapumua, chukua majina saa hii, jina la baba, la kijiji, alikuwa na miaka mingapi, aliitwa nani kwa utani. Ukiwa na ukuta bila majina, baada ya miaka hamsini mtakuwa kama sisi na Mashoti, mawe mazuri na hakuna anayejua babu ya nani alilala hapo.

Karani Mstaafu

Bura umesema kitu. Na hilo la Kariakoo lina funzo lake, lile banda la chuma la Mjerumani ambalo Waingereza waliwakusanyia wapagazi lilibomolewa, likajengwa soko jipya likafunguliwa 1975, soko zuri tu, lile nalo likaungua Julai 2021. Jina limebaki midomoni mwa watu wote, anayenunua mtumba pale hajui anataja jeshi la wapagazi. Sanamu ya Askari ipo pale mjini tangu 1927 na maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa ni miguu na mikono ya jeshi. Miguu na mikono. Jina la mtu hata moja hamna.

Fundi Chokaa

Naingia kwa upande wa ufundi tu, siasa siziwezi. Nimeshiriki kukarabati majumba ya zamani pwani, matofali ya kuchoma nayajua.

Kinachoua jengo la hivyo ni maji. Bati limebaki nusu maana yake mvua inaingia kwenye kichwa cha ukuta, inashuka ndani ya udongo ulioungia matofali, na kule kwenu mvua haina mapumziko. Kabla ya chochote wekeni bati, hata la mtumba, hata miti ya mkaratusi chini, na mchimbe mtaro kuzunguka maji yasisimame kwenye msingi. Hiyo ni kazi ya msaragambo wa wikendi mbili, na inajibu lile swali la "mlikuwa wapi".

La pili, asije mtu mwenye huruma na mfuko wa saruji akaziba matundu na kupiga plasta ukuta wote. Nimeyaona haya, jengo linatoka linang'aa na historia yote imezikwa chini ya plasta. Isitoshe saruji kwenye tofali laini la zamani inazuia ukuta kupumua, unyevu unabaki ndani na tofali linaanza kumeguka kama biskuti. Palipobomoka tumia chokaa na mchanga. Zile hesabu za mkaa usiziguse, usizipake vanishi, usizifute vumbi kwa kitambaa kibichi, weka kijiuzio mtu asiegemee na upige picha nzuri leo kabla ya kesho. Kama kuna mti umeota ukutani usiung'oe, utatoka na ukuta. Kata shina, mizizi ife yenyewe.

La tatu na hili si utani. Kama mtachimba chochote pale, mtaro au msingi wa hizo fremu, na mkaona chuma cha ajabu ajabu, acheni hapo hapo, watoto waondoke, ripotini polisi. Vitu vya vita havizeeki kwa namna unavyodhani.

Mtu wa Mpakani

Mimi nina mchango mmoja tu, kuhusu maneno ya kwenye kibao, kwa sababu naona mtafika huko.

Baba yangu alikuwa mgambo, aliingia na jeshi mpaka Masaka. Alikuwa akilewa rubisi anaimba nyimbo za vita na tunacheka, akiwa mzima hasemi neno. Siku moja tu ndo aliniambia, walipoichukua Mutukula ya upande wa Uganda Januari 1979 waliisawazisha kwa matingatinga nyumba kwa nyumba, na Masaka nayo ililiwa. Alisema "tulikuwa na hasira ya Kyaka". Sasa na kule kuna bibi anayehama barabara akifika mahali fulani.

Kwa hiyo ninyi andikeni askari wa Idi Amin, msiandike Waganda. Nusu ya kijiji chenu wana shangazi ng'ambo, harusi mnachanganya, soko la Mutukula mnauziana nyanya. Hicho kibao watakisoma na wao.

Senene wa Novemba

Kweli kabisa. Shemeji zangu watatu ni wa kule.

Mzee wa Fremu

Haya basi nimesoma zote na sina roho ya jiwe. Swali langu la hela lakini hamjalijibu, mmelizunguka tu. Mwijukuru, hilo eneo lina ukubwa gani? Kama ghala liko katikati ya kiwanja, fremu zinaweza kukaa nne upande wa barabara na ghala likabaki nyuma yake, au ghala lenyewe nusu yenye bati likatumika kukusanyia kahawa kama zamani na ile nusu ya mlango ikaachwa. Mwenye kahawa akiingia kila msimu jengo halifi, linalokufa ni lile lililofungwa kufuli. Mkienda mkutanoni na "hapana" tupu mtapigwa kura asubuhi na mapema. Nendeni na mchoro.

Karani Mstaafu

Leo umeongea kama mtu mzima.

Mzee wa Fremu

😂😂 Nilikuwa mtu mzima tangu mwanzo, ninyi ndo mlikuwa mnalia.

Mwijukuru_78

Wakuu nimerudi, samahani nilipotea siku tano. Nimefanya kama mlivyosema, nawapa mrejesho.

Umiliki kwanza. Binamu yangu kaenda kwa katibu wa chama cha msingi, na kumbe ghala lipo kwenye orodha ya mali zao, wao wenyewe walikuwa hawajui kama kijiji kinapanga kulibomoa. Kwa hiyo mwenyekiti kapoa, kasema mkutano utakuwepo ila ajenda imebadilishwa, sasa ni "kujadili matumizi ya ghala". Kiwanja binamu kakipima kwa hatua, mbele kuna hatua 22 mpaka barabarani, fremu nne zinakaa na njia ya kupita katikati inabaki. Mzee wa Fremu nitakutumia mchoro unikosoe. Sababu ya kulihifadhi tunayo, nia tunayo, uwezo ndo bado tunachangishana, bati 30 zimeshaahidiwa na watoto wa kijiji walioko Dar, ahadi za kwenye grupu mnazijua zilivyo.

Sasa majina. Jana usiku nikampigia bibi, nikamwambia nataka aniambie waliokuwa ndani ya ghala ni akina nani. Kimya. Nikadhani simu imekata. Halafu akaniuliza, "Unaandika na nini?" Nikamwambia kwenye simu hii hii bibi, nitakuwa narekodi. Akasema hapana, simu inaibiwa, njoo na daftari. Akasema na kalamu iwe ya wino, siyo penseli. Nikamuuliza ni wengi? Akasema njoo na daftari kubwa, kwa sababu nikishaanza wa ghalani nitakutajia na wa mtoni.

Meli ya kwenda Bukoba nimekata tiketi ya Ijumaa. Fundi Chokaa naomba uniambie zile hesabu za mkaa nizipigeje picha, kwa flashi au bila flashi, ndani mna giza upande ule wenye bati.

Fundi Chokaa

Bila flashi. Fungua mlango wote, nenda saa nne asubuhi, simu iegemeze kwenye kitu isitikisike, na weka rula au hata kiberiti pembeni tujue ukubwa. Piga ukuta mzima kwanza halafu ndo usogee. Vile vijiti viwili vya mwisho vipige peke yake.